Mgonjwa wa Ishirini na Moja

Jumanne, 13 Juni 2017
Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba sheria ikisema muuguzi mmoja kwa wagonjwa wanne, basi kila mgonjwa ana robo yake ya muuguzi. Sivyo. Nieleze taratibu. Wodi yetu hapa Ballarat, Australia, ina wagonjwa ishirini na mmoja. Gawanya kwa nne: wauguzi watano, baki moja. Sheria ya jimbo letu la Victoria inaruhusu baki dogo namna hiyo lipuuzwe. Kwa hiyo muuguzi wangu, Sista Jincy, ana wagonjwa watano. Wa tano ni mimi, Lindsay Treloar, mwenye nyonga mpya. Nimefundisha hesabu miaka arobaini na mmoja. Sijawahi kuwa baki!

Jumamosi mjukuu wangu Tamsin anaolewa. Daktari kasema nitembee hatua ishirini kwa fremu ya kutembelea kufikia Ijumaa jioni, la sivyo hanipi ruhusa ya kutoka. Na wakati wa mazoezi ni lazima muuguzi awe pembeni. Leo: dakika sita, hatua nne.

Jumatano, 14 Juni
Mpango: tubaki ishirini kamili. Nikamgeukia Merv wa kitanda cha jirani, aliyetolewa mfuko wa nyongo. Nikamsifia nyumbani kwake, supu ya mkewe, kochi lake. Akaniuliza kama namfukuza. Nikasema hata kidogo, rafiki yangu. Saa sita mchana kaondoka. Ushindi!

Saa saba kitanda kimepata mtu mwingine. Ana mawe ya figo na sauti ya kuita ng'ombe. Sista Jincy hakutoka kwake mchana kutwa. Hatua zangu: tatu. Narudi nyuma!

Alhamisi, 15 Juni
Nimeona kosa langu. Haifai kupunguza, yafaa kuongeza. Wagonjwa wakifika ishirini na watatu, baki linakuwa kubwa, na sheria inadai muuguzi wa sita. Nikawapigia simu Keith na Clarrie wa klabu yetu ya wazee. Nikawasihi waje walalamikie goti na kifua, walazwe. Keith kachunguzwa, kapewa vidonge viwili, karudishwa kwao. Clarrie kaja na keki, kaketi kwenye kiti changu, kaila yote, kisha akaniambia naonekana mnyonge.

Bi Dorrigo, msimamizi wa wodi, kasikia habari. Nilitarajia kugombezwa. Akaketi tu. Akasema kabla ya sheria hii aliwahi kuachiwa wagonjwa kumi na wawili peke yake, na mmoja alianguka bafuni. Aliyemkuta ni mama wa kugawa chai. Ndiyo maana wauguzi walivaa fulana nyekundu wakaandamana kudai sheria hii. Kisha akanivuta sikio na kuniuliza: "We mzee, unataka kunijazia vitanda kwa watu wasioumwa?"

Ijumaa, 16 Juni
Siku ya mwisho. Hadi jana nilifikia hatua tano tu. Sista Jincy alikuwa kwa yule wa mawe. Nikaamua kufanya mazoezi peke yangu. Sikubonyeza kengele. Hatua ya kwanza, safi. Ya pili, safi. Ya tatu, fremu ikaenda kushoto, mimi kulia. Nikaona sakafu inakuja!

Sikuifikia. Mikono ilinidaka kwapani. Sista Jincy alikuwa kitanda cha jirani tu, na alisikia fremu ikikwaruza. Angekuwa na wagonjwa kumi na wawili, angekuwa mwisho wa wodi. Nililia kidogo. Siandiki zaidi ya hapo.

Akasema hesabu zangu nzuri, ila nyonga yangu haijazisoma. Akauliza haraka ya nini. Nikamweleza harusi. Akashangaa: "Babu! Siku zote hizo, kwa nini hukusema?" Kweli, sikumwambia mtu. Bi Dorrigo akawashika wagonjwa wengine wanne wa Jincy kwa robo saa. Tukatembea mara tatu, tukipumzika katikati. Mara ya tatu, hatua ishirini na mbili, daktari akiangalia. Mungu awabariki wanawake hawa, na kila aliyevaa fulana ile.

Jumamosi, 17 Juni
Nimesimama kwa fremu, Tamsin kanikumbatia, nimeshukuru kwa moyo wote. Kisha nikahesabu. Wageni sitini na watatu, wahudumu sita. Kumi kila mmoja, baki watatu. Na baki ni meza yangu! Nikawanong'oneza binamu watatu wa Geelong kwamba barabara itateleza, waondoke mapema. Wameondoka. Mhudumu naye kaondoka, kuwasindikiza kwenye gari. Pai imepoa. Harusi ijayo nitajaribu kuongeza wageni.

Wewe uliyelazwa leo: bonyeza kengele, umwambie muuguzi unachohitaji.