Baba Mkwe Ameomba Lifti ya Krauni

Jumatatu, 2 Juni

Leo nimemaliza kuunganisha Krauni. Milango minne, taa za mbele kali kama macho ya mtu aliyedhulumiwa urithi. Ni ya plastiki na inakaa kwenye kiganja changu, lakini hayo ni mambo madogo. Niliipata sokoni Sirari, kwenye robota la vitu vya watoto kutoka ng'ambo. Vipande vyote vilikuwa bado vimeshikana kwenye fremu yake, na boksi limeandikwa maandishi ambayo muuzaji mwenyewe hakujua yasomwe kutoka upande gani. Akaniuliza kama ni zawadi ya mtoto wangu. Nikasema ndiyo. Sina mtoto.

Agustina amechungulia kutoka upande wake. Banda letu hapa Kerende tumeligawa kwa pazia, yeye anashona nguo, mimi natengeneza simu. Ameitazama Krauni, akauliza kama zile simu za watu zilizo wazi mezani zitajifunga zenyewe. Nikamweleza kwamba mkono wa fundi lazima ufanye mazoezi. Akarudi kwenye cherehani.

Nataka kumuoa Agustina. Naye anataka. Asiyetaka ni baba yake, Mzee Waitara wa Nyanungu, mtu wa ng'ombe, anayetafuta mkwe wa kueleweka. Mimi, kwa maneno yake, ni mtu anayeshinda amekaa anachokonoa vidude. Anayeeleweka ni Method. Method ana Probox, anabeba abiria na maziwa, na kila siku ya mnada anampa mzee lifti ya bure. Hajawahi kumwomba mzee binti yake. Hiyo ndiyo mbinu yake, naiona wazi.

Krauni ina kasoro moja. Imesimama juu mno. Matairi yako mbali na bodi, kama mbuzi anayevuka mto. Lazima ishuke.

Jumatano, 4 Juni

Nimeishusha.

Haikuwa kazi ndogo. Nimekata vijiti vya ekseli kwa kiwembe, halafu nimevipasha moto kwa kile kifaa changu cha kuchomelea risasi ili vipinde kwenda juu. Cha kwanza kimeyeyuka kabisa, kikaanguka kwenye simu ya mwalimu Precious. Nitamwambia ilikuja hivyo hivyo. Baada ya hapo matairi yakagoma kuingia ndani ya fenda. Nikachonga fenda kwa ndani, nikachonga na kidole. Nikapiga msasa. Nikabandika kwa supagluu, nikabandika na kidole kile kile, jambo ambalo angalau lilizuia damu.

Rangi nimetumia ya kucha. Damu ya mzee, inang'aa vizuri sana. Agustina ameitafuta mchana kutwa. Mteja wake mmoja akamwonyesha bampa langu, kisha akamwonyesha vidole vyangu. Sikupewa chai.

Lakini jamani, ilivyolala. Karatasi haipiti chini yake. Matairi ya nyuma yameingia ndani kwa juu, yamejitanua kwa chini, kama mzee aliyeshiba anavyokaa. Haizunguki tena, ni kweli. Matairi yameshikana na fenda. Gari zuri halina haja ya kwenda popote.

Ijumaa, 6 Juni

Nimeipiga picha. Nimeiweka kwenye vumbi nyuma ya banda, nikalala kifudifudi na simu chini kabisa, nyuma yake milima ya mbali na paa la kanisa. Ukitazama ile picha huwezi kujua. Ni gari. Ni gari la mtu aliyefanikiwa.

Nikaiweka stetasi nikaandika maneno mawili tu: Kazi iendelee. Sikusema ni gari kubwa. Sikusema ni langu. Watu wameamua wenyewe. Hongera zimemiminika mpaka simu ikapata joto. Method ameandika kwamba amefurahi kwa moyo wote. Mnafiki.

Jumamosi, 7 Juni

Mzee Waitara amenipigia simu. Yeye mwenyewe. Nimesimama kupokea. Nikasema shikamoo kabla hajasema haloo.

Kumbe Joel, kaka yake Agustina anayekaa na mzee kule Nyanungu, amemwonyesha ile picha. Mzee akasema hakujua kwamba nina mambo yangu chini chini. Akasema Jumamosi ijayo kuna sherehe Mugumu kwa mdogo wake, Nchagwa, ambaye kila mwaka huwaeleza watu kwamba watoto wa Waitara wameolewa na watembea kwa miguu. Angependa afike pale kwa gari la mkwe wake. Wazee wote wa ukoo watakuwepo. Tukifika vizuri, neno langu la kumposa Agustina litasemwa hapo hapo.

Mkwe wake. Alilisema hilo neno bila kukohoa.

Nikajibu hakuna shida, tata, kama Wakurya wanavyomwita baba.

Agustina alikuwa amesikia yote nyuma ya pazia. Akasema nimpigie baba yake sasa hivi nimwambie lile gari ni la kuchezea. Nikamwambia nitampigia mambo yakitulia. Akasema hatamdanganya baba yake kwa ajili yangu, na kama sitasema mwenyewe kabla ya sherehe kuisha, atasema yeye. Ana hasira za haraka, lakini husahau.

Jumapili, 8 Juni

Kanisani Agustina amekaa upande wa kwaya. Haimbi kwaya.

Mahubiri yalikuwa marefu, nikapata nafasi ya kufikiri. Gari likiharibika, hakuna anayeweza kulaumu. Nilipotoka nikaing'oa Krauni tairi moja, nikaegesha ubavu juu ya kipande cha tofali, nikamwaga tone la mafuta ya cherehani chini. Picha safi. Nikamtumia Joel na maelezo kwamba gari limeingia gereji, nimevunjika moyo sana, mzee anisamehe.

Joel akajibu nisijali. Mzee amekwishampigia Method anayewajua mafundi wote, na Method ameahidi kulitafuta gari langu gereji kwa gereji mpaka liwe zima.

Jumanne, 10 Juni

Jana nilimwambia Method gari liko Tarime mjini. Akaenda Tarime mjini. Nikamwambia limehamishiwa Sirari. Akaenda Sirari, akanipigia akiwa gereji, akampa simu fundi ili nimweleze lilipo. Sijapata kuona mtu mwenye roho mbaya kiasi hiki cha kusaidia.

Leo ametokea hapa bila hodi. Nilikuwa nairudishia Krauni tairi lake. Iko mezani, katikati ya simu. Akaitazama. Akatoa simu yake, akatazama picha. Akaitazama tena Krauni.

Nikajua nimekwisha. Nikaona Nyanungu yote, nikaona mnada mzima, nikaona na kanisa.

Method akavua kofia, akainama mpaka shavu likagusa meza, akafumba jicho moja.

"Vedasto," akasema taratibu, "hayo matairi umeyaingizaje ndani hivyo?"

Nikamweleza. Ekseli, kiwembe, fenda. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza wosia. Mwisho akauliza, kwa aibu, kama Probox inaweza kulala namna ile.

Mtu mwingine angepumua na kushukuru. Mimi nikaona mbali. Nikamwambia nitasimamia Probox yake ishushwe, kitaalamu. Yeye Jumamosi atatubeba mpaka Mugumu kama gari mbadala wakati langu liko gereji, na atafunga mdomo. Tukashikana mikono. Mzee anataka kufika kwa gari lililolala. Atalipata lililolala.

Alhamisi, 12 Juni

Gereji ya Nyamongo, chini ya mti wa mbono. Fundi akataka kujua gari hili linapita barabara gani. Nikamwambia akate springi. Akauliza likipakia watu itakuwaje. Nikamwambia akate tena kidogo upande wa nyuma, maana plastiki yangu ilipendeza zaidi pale nyuma. Akasema yeye amekata kwa amri yangu, na waliokuwepo wamesikia. Watu wengine hawana ndoto.

Method amelizunguka gari lake huku anacheka peke yake. Kuku alijaribu kupita chini yake, akarudi.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika nikiwa Mugumu, nyuma ya jiko la shughuli, nimekaa juu ya gunia. Hakuna anayenitafuta.

Tulifika Nyanungu asubuhi. Mzee alikuwa tayari, koti zito, kofia, fimbo ya heshima. Akaizunguka Probox, akasema imezama. Nikamweleza ndiyo mtindo wa sasa. Akakaa mbele. Agustina akakaa nyuma nami, amepakata mkoba wake. Tulipokaa wote nikasikia Probox inashusha pumzi.

Mteremko wa kwanza tu, mlio chini ya miguu yetu, mkubwa, mrefu.

"Tumegonga nini?" mzee akauliza.

"Ardhi, tata," Method akasema.

Kuanzia hapo ikawa kila tuta tunashuka, gari linapita tupu, sisi tunalifuata nyuma. Matuta yakawa mengi kuliko barabara. Mwisho mzee akasema haoni sababu ya kupanda tena. Basi tukawa tunatembea: Probox mbele, polepole, taa za dharura zinawaka, mzee nyuma yake na koti jeusi na fimbo, Agustina, halafu mimi. Wanaume waliokuwa wanachunga walivua kofia. Mama mmoja aliacha jembe, akaja mpaka barabarani kuuliza nani amefariki. Mzee akamwambia bado, lakini yuko njiani. Alinitazama aliposema hivyo.

Baadaye Probox ikapanda juu ya jiwe na haikushuka. Oili yote ikatoka. Method alikaa kando ya barabara, ameshika kichwa, anasema ilikuwa imependeza lakini. Likapita trekta lenye tela la mihogo. Tukamwacha Method na gari lake, tukaingia Mugumu saa za alasiri, mzee amekaa juu ya mihogo na fimbo yake wima.

Pilau lilikuwa limekwisha. Mzee Nchagwa alikuja kutupokea na wazee wengine wote. Akalitazama trekta, akauliza kwa upole kama Krauni iko nyuma inakuja. Kumbe Mzee Waitara alikuwa amewatumia wote picha. Alikuwa amewaambia, mkwe wangu. Nilipouona ule uso wake, mihogo imemchafua koti, anatafuta jibu la kunikinga mimi, nilitaka kusema ukweli. Nilifungua mdomo kabisa. Kilichotoka ni kwamba kipuri kimechelewa bandarini.

Agustina akafungua mkoba.

"Baba, Krauni ndiyo hii," akasema. Akaiweka kwenye kiganja cha baba yake.

Mzee Nchagwa akacheka mpaka akaletewa kiti. Wazee wakapokezana ile Krauni, wakaigeuza, wakanusa rangi. Mmoja akaiweka mezani akaisukuma. Ikaburuta.

"Hata haitembei," akasema Mzee Waitara.

Hilo ndilo lililoniuma zaidi ya yote. Halafu akanigeukia. Hakupaza sauti.

"Wewe mura, kijana wewe. Nimetembea kwa miguu nyuma ya gari. Mimi. Watu wamenivulia kofia."

Akaingia ndani. Neno la posa halikusemwa.

Jumatatu, 16 Juni

Kerende. Method ametafutiwa springi nyingine, za mitumba, na zimeiinua Probox juu kuliko zamani. Inaonekana imeshtuka. Bado ananisalimia. Simwelewi yule mtu. Nimeanza kuamini kwamba hajawahi kumtaka Agustina, alikuwa tu anampa mzee lifti.

Agustina ameshona mpaka mchana. Kisha amefungua pazia lote, akaketi mbele yangu. Akasema hakuwahi kuniomba gari. Akasema alinipenda tangu ile wiki nilipokesha na simu yake iliyoanguka kisimani, nikaikausha kwenye mchele mpaka ikawaka, na sikutaka malipo. Akasema amezungumza na baba yake. Mzee amepoa kidogo. Anasema siku nitakayokuwa na ng'ombe wangu mwenyewe, hata mtamba mmoja, ataniita Nyanungu anisikilize. Agustina ana oda ya sare za shule. Tukiweka akiba pamoja, mwisho wa mwaka tutakuwa na huyo mtamba.

Akaniomba kitu kimoja tu, nisimdanganye tena baba yake. Nimeapa. Machozi yalinilengalenga, na yalikuwa ya kweli. Ameninunulia chai.

Alhamisi, 19 Juni

Mwisho wa mwaka ni mbali.

Jana nilikwenda Sirari kutafuta vioo vya simu. Pale pale penye marobota, muuzaji alikuwa ameanika wanyama wa plastiki, na kati yao ng'ombe, wazuri, wenye misuli. Ni wa kizungu, wana madoa, hawana nundu. Ila nundu ni kitu cha kutengeneza. Nimeyeyusha mshumaa, nimewabandika kila mmoja nundu yake, nimeichonga kwa kiwembe. Madoa nimeyafunika kwa rangi ya viatu, ya kahawia. Pembe nimezipasha moto, nimezivuta ziwe ndefu. Mmoja amebaki na pembe moja, huyo atakaa nyuma. Miguu nimeikata kidogo. Kwenye majani wakiwa wamesimama chini chini watapendeza zaidi.

Agustina yuko sokoni. Hakuna haja ya kumsumbua. Na kiapo changu kilihusu gari.

Joel ameshauliza kama kuna habari yoyote njema ampelekee mzee. Kesho asubuhi, jua likiwa bado liko chini, nitawatoa kwenda malishoni nyuma ya banda. Nimempigia Method aje anisaidie kushika kioo cha kurudisha mwanga. Amesema anakuja, na ameuliza kama kuna fahali.