Malalamiko Kuhusu Aplikesheni Isiyosalimia

Kwako Mwalimu Mudathir,
Darasa la Kompyuta, nyuma ya stendi,
Kayanga.

Mwalimu,

Natumaini umeamka salama, wa nyumbani hawajambo, na ile mvua ya mawe ya juzi haikugusa migomba yenu. Huku Igurwa sisi ni wazima, kahawa imeanza kuiva, na Bihogo, ng'ombe wetu wa pekee, ana mimba. Sasa, baada ya hayo, na baada ya hayo tu, naingia kwenye jambo lenyewe.

Mimi ni Ildefonsi Hagenimana, baba wa mwanafunzi wako Uwitonze, uliyemfundisha kutengeneza aplikesheni za simu za Android. Nasikia Ijumaa unampa cheti. Naomba kwa heshima zote usimpe. Sababu zangu ni hizi:

1. Aplikesheni yake, ya kumwita daktari wa mifugo, haina adabu. Ukiifungua tu, unakutana na kitufe chekundu: Ita Daktari. Haijapiga hodi, haijauliza umeamkaje. Kwetu mgeni huketi, hupewa kahawa ya kutafuna, huulizwa habari za kwake, ndipo aseme kilichomleta. Hata jirani aliyekuja kutuambia paa la jiko linawaka moto alianza na shikamoo, na nusu ya jiko tuliiokoa.

2. Umemfundisha kwamba kila kitu kwenye skrini kifungwe kwenye ukingo au kwa mwenzake, kisipofungwa kinarukia kona ya juu na kukaa huko. Hilo sina ugomvi nalo, hata watoto ndivyo walivyo. Lakini pia ulimwambia aache nafasi tupu ili jicho lipumzike. Mwalimu, kwetu nafasi tupu hupandwa maharage! Sasa mtoto anaipanga nyumba yangu kama skrini. Kiti changu amekisogeza ukutani, kisha akaniomba niache uwazi kati ya zizi na shamba, eti vitu vikibanana vinaharibiana. Nilipanda maharage pale siku hiyohiyo, na yamestawi vizuri sana.

3. Niliomba juu kabisa iwekwe picha yangu nimevaa kofia, chini yake Bihogo, halafu jina la ukoo. Alikataa kwa upole, akasema mtumiaji ana haraka. Haraka ya kwenda wapi, hakunieleza.

4. Alimpa simu mama yangu mzazi, Mukantabana, asiyejua kusoma, bila kumwelekeza chochote. Eti bibi akibonyeza panapotakiwa, basi kazi ni nzuri. Bibi alibonyeza. Daktari Aimable akafika na pikipiki kutoka Ihanda, buti miguuni, mimi sijamaliza kuvaa shati na kahawa haijatolewa. Alikuta mifugo ni mizima, akaondoka bila kutafuna hata punje moja. Tangu hapo naona aibu kupita Ihanda.

5. Ikabidi nitumie mamlaka ya mzazi. Uwitonze aliirekebisha juzi, macho mekundu, na sikupenda kumwona vile. Sasa aplikesheni inaamkia, inasubiri uitikie, inauliza nyumbani, mke, watoto, migomba, mvua na wakwe, kila swali na ukurasa wake. Ukimaliza ndipo kitufe kinajitokeza, kidogo, chini kabisa, kwa unyenyekevu. Wazee wote wameisifu. Mmoja alisalimiana nayo mpaka chaji ikaisha, na wala hana ng'ombe.

Kwa hiyo cheti kisubiri mpaka binti ajifunze adabu kwa moyo, si kwa kulazimishwa. Aidha uwafikishie wakubwa kwamba simu zote za Karagwe na Kyerwa zianze na shikamoo, za benki zikiwemo. Redio nazo zisitutangazie habari za dunia kabla ya kutuuliza za kwetu.

Nisalimie mkeo Kauthar, watoto, wanafunzi wote, na yule fundi viatu wa mlangoni kwako. Mke wangu Costansia anakusalimu sana, ingawa hajui ninachoandika.

Wako katika kuilinda adabu,
Ildefonsi Hagenimana,
Igurwa.

Baada ya sahihi: Bihogo ameingia kwenye yale maharage, yana umande, na tumbo limevimba, amelala ubavu anahema. Namba ya daktari imo ndani ya kitufe, na kitufe kiko nyuma ya wakwe. Nilijibu kwamba mvua si nzuri, ikanipa pole, ikaanza upya na shikamoo. Uwitonze yuko darasani kwako na simu kaizima kwa sheria yako. Nampa bodaboda barua hii. Mwambie mwanangu ampigie Daktari Aimable sasa hivi, kisha airudishe ilivyokuwa: kitufe chekundu, kikubwa, katikati. Cheti mpe leo. Ukijibu, usinisalimu.