Kapsuli Ndani ya Asali ya Mama Mkwe

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Kukojoa ni moto mtupu. Zahanati wamepima mkojo: yutiai, maambukizi ya njia ya mkojo. Nesi Levina kanipa kapsuli za siku saba, asubuhi na jioni, nikishakula, na nisiache hata nikipata nafuu. Kauliza kama nina ugonjwa wa figo. Sina. Kasema maradhi haya si lazima yawe ya zinaa. Sawa, lakini nesi haishi na mke wangu Minza! Siri.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimekojoa chai ya rangi! Nesi alionya dawa itabadili rangi ya mkojo, nisishtuke. Nimeshtuka.

Alhamisi, 9 Oktoba

Maumivu kwisha. Nizimalize ya nini? Nane zilizobaki ni akiba. Nimezitumbukiza kwenye kopo la asali, rafu ya nyuma ya duka langu hapa Mtendeni. Asali haiozi, na Minza hagusi mali ya duka. Akili ninazo.

Ijumaa, 10 Oktoba

Minza kagusa! Kopo lilelile kamtumia mama yake aliyeko Ziba kwa basi la asubuhi. Mama mkwe ana figo mbovu, hospitali walimkataza kumeza dawa yoyote bila daktari. Na kila asubuhi hutia asali kwenye uji!

Nimempigia. Shikamoo, marahaba, basi. Mkwe hamwambii mkwe mambo ya kukojoa. Kwetu hata mkeka mmoja hatukalii. Nikamwambia asiile asali ile, ina nyuki. Akacheka, akasema asali gani isiyo na nyuki.

Jumamosi, 11 Oktoba

Basi la kwanza. Nimeshuka njiani mara tatu, abiria wakinilaani. Moto umerudi.

Nimemkuta bakuli liko mdomoni. Nimempokonya. Mkwe kampokonya mkwe uji! Majirani wameona. Nikageukia ukuta nikasema yote, hadi rangi ya mkojo. Kisha akasema hajaonja bado. Tukamimina asali kwenye sinia, kapsuli zimelainika, zimegandana. Tukahesabu: saba. Ya nane ilikuwa ndani ya bakuli. Nikalia. Akamwaga vyote chooni, kisha yeye mwenyewe akampigia Minza, akamweleza yote.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nesi Levina kafoka. Kuacha dawa katikati ni kuwaachia vijidudu nafasi ya kurudi, tena wakali zaidi. Mkojo umepimwa upya, daktari kaandika dozi nyingine. Minza hakuuliza nilikoyatoa maradhi. Aliuliza kwa nini nilitaka kumuua mama yake. Nimeona aibu mpaka kwenye mifupa.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nafuu kubwa! Jioni jirani yangu Festo kaja ananong'ona: kukojoa kunamuuma, zahanati haendi, mkewe atajua. Maskini, nimemwonea huruma sana. Minza alipotoka kidogo nimempa kapsuli nne katika zangu, nikamwambia akipata nafuu aache. Kanishukuru, kaniita daktari. Kwa kweli mimi ningesoma udaktari.