Kanda Zenye Joto

Jumatatu, 3 Machi
Nimepata njia! Kila jioni natakiwa kuingiza kanda mpya kwenye mashine, inakili data zote za hospitali, kisha niishushe stoo. Kazi ya punda. Kuanzia leo nabandika lebo ya tarehe juu ya kasha, kanda yenyewe ikiwa bado ndani ya nailoni. Nani atafungua? Babu Kanda, aliyenitangulia hapa, alikufa bila kuulizwa hata moja. Shemeji, meneja wetu na ndiye aliyeniingiza kazini, amenisifu kwamba nimetulia.

Jumatano, 5 Machi
Balaa! Mawinguni, yule dada fundi wa mtandao, anataka data zihifadhiwe kwenye kompyuta za mbali, na mimi nihifadhiwe nyumbani. Amemshawishi Shemeji kanda zijaribiwe Ijumaa. Ikikutwa moja tupu, nafukuzwa. Shemeji kasema undugu unaishia getini.
Nilikimbilia chumba cha mashine. Ilikuwa inanguruma, na sikuiwasha mimi. Ndani hamna mtu. Kiti cha Babu kinazunguka polepole. Nikasema ni upepo. Chumba hakina dirisha.

Ijumaa, 7 Machi
Nilidamka, nikachomoa waya wa umeme wa mashine, nikauficha kwenye koti. Mashine bila umeme itajaribu nini? Akili ni mali!
Mawinguni akachukua kasha la Jumanne. Nailoni haipo. Kanda ina joto, kama yai lililotagwa sasa hivi. Akaisukuma mashineni. Ikanguruma! Waya ukiwa kifuani mwangu! Wagonjwa wote wakatokea kwenye skrini, mpaka aliyelazwa Jumanne hiyo jioni. Shemeji akanikumbatia.
Chini ya lebo yangu palikuwa na lebo nyingine, mwandiko wa Babu, ule uliolala. Mawinguni aliuona, akaona na waya. Hakunisema. Alinivuta pembeni, akasema, kaka, tengeneza kanda zako mwenyewe, acha kumtumikisha marehemu. Akaniambia Babu alikutwa asubuhi kitini, amekufa, na lebo ya siku hiyo, kwa mwandiko wake, ilikutwa imeshabandikwa tangu jana yake. Wivu tu huo.

Jumatatu, 10 Machi
Nimepandishwa cheo! Mawinguni haingii tena chumba kile, ushindi wangu. Sasa hata lebo sibandiki. Naacha kanda mezani, naaga kwa heshima, shikamoo Babu, naenda zangu.
Jioni hii nimekuta moja tayari, ina joto. Lebo ni ya kesho. Mwandiko si wa Babu. Ni wangu, mpaka ile moja yangu ya kupinda. Sikuandika. Nilirudi nyuma hadi mlangoni, kusema kweli.
Halafu nikafikiri vizuri. Kazi ya kesho imeshakwisha! Kiti kimegeuzwa kunielekea. Acha nikae kidogo, nipumzike.