Tairi Linalokalika

Idara ya Nyaraka Zinazosafiri inayo furaha kubwa kuutangazia umma kwamba tairi la nyuma la pikipiki yake limekuwa kipara. Uongozi umelipokea jambo hili kwa utulivu. Hakuna sababu ya mtu yeyote kuwa na wasiwasi, isipokuwa yule anayeipanda, naye amekwisha arifiwa kwamba kamati imeundwa.

Ndivyo lilivyosomeka tangazo lililobandikwa mlangoni. Aliyeliandika, Mwenyekiti wa kamati yenyewe, alisimama mbele yake asubuhi nzima akilisoma na kulirudia, uso umemchanua kama mtu aliyepata mjukuu. Ofisini walimwita Mzee Utaratibu. Yeye alidhani ni sifa, na sisi ni nani hata tumharibie siku yake.

Kazi ya Idara si ya kubeza. Serikali ilikuwa na muhuri wake katika mji mmoja na wino wa muhuri huo katika mji mwingine, na katikati kulikuwa na barabara kuu, lami tupu iliyonyooka, bila mti wala kibanda. Karatasi ilipigwa muhuri mkavu huku, kisha ikapelekwa kule kupakwa wino. Na kwa kuwa mwenye wino alifungua kabati lake mchana tu, akishashiba, safari ilifanyika jua likiwa utosini. Aliyesafiri ni Tarishi, mtu mwenye mdomo mkubwa kuliko cheo chake, ambaye kwa bahati mbaya ya Mwenyekiti alikuwa pia shemeji yake. Tarishi alikuwa amemwoa dada mdogo wa mwisho wa Mwenyekiti.

Sasa, mambo yalikuwa mawili. Tarishi alitaka kurudi nyumbani kila jioni akiwa mzima. Mwenyekiti alitaka kuwa Kamishna. Cheo kilikuwa wazi, na Waziri alikuwa amedokeza kwamba atakayemletea ripoti isiyo na tatizo hata moja ndani yake, huyo ndiye. Kwa hiyo kamati iliingia kazini kwa ari, milango imefungwa na kiyoyozi kikinguruma.

Tarishi aliitwa kutoa maelezo. Alisema lami mchana inachemka, pikipiki ina mzigo, mwendo ni mrefu, na yeye siku hizi anaendesha roho mkononi. Aliomba tairi la barabara ya joto, basi, mengine wagawane wenyewe. Wajumbe walimsikiliza huku wamevaa masweta. Mwenyekiti alinyoosha mkono, akashika ukuta, akauona wa baridi, na maelezo ya Tarishi yakaandikwa kuwa ni maoni ya mtu mmoja.

Hata hivyo kamati hii haikuwa ya kubahatisha. Iliunda kamati ndogo ya kuchunguza joto la barabarani, na kamati ndogo ikaenda hadi barabarani yenyewe, kwa gari, kisha ikashuka kwa miguu yake. Ilikwenda alfajiri. Mchana, alieleza Mwenyekiti, jua lilikuwa kali mno kwa wajumbe kufanya kazi. Walivua viatu, wakaikanyaga lami, wakaiona safi kabisa, na mmoja wao akarudi na mafua. Matokeo yakaingizwa kwenye ripoti: joto la barabara kuu ni la wastani, likielekea ubaridi.

Kisha akaitwa muuza matairi, jitu la sauti nene ambalo mtaani lilijulikana kama Profesa wa Mipira, na ambalo lilikuwa limejipa jina hilo lenyewe. Alileta matairi mawili, moja gumu na moja laini. Kabla hajatua mzigo alianza kuuliza: barabara gani, saa ngapi, mzigo kiasi gani? Mwenyekiti alimkumbusha kwa upole kwamba maswali ni kazi ya kamati. Profesa akasema sawa, ila hili laini ni la nchi za mvua na baridi, huko linashika barabara vizuri sana. Kwenye lami ya moto litaliwa kama sabuni, na likizidi kupata joto litapasuka. Chukueni gumu, mliangalie upepo wake asubuhi kabla halijapata moto, na mtanisahau. Kamati ilimshukuru kwa mchango wake na kumwomba akasubiri nje.

Ndipo wakafika kwenye uchaguzi wenyewe, na hapa msinicheke. Katika wajumbe wote hakuna aliyewahi kupanda pikipiki, lakini wote walikuwa na uzoefu mkubwa wa kukaa. Walikuwa wamekaa kwenye vikao maisha yao yote. Kwa hiyo matairi yalilazwa sakafuni na kila mjumbe akayakalia kwa zamu, macho amefumba, wengine wakijisogeza kidogo kulia na kushoto ili wasilionee tairi lolote. Lile gumu lilimuuma Mwenyekiti kiuno. Lile laini lilimpokea vizuri, akakaa pale hadi chai ikaletwa na kunywewa. Uamuzi ukapita bila pingamizi: tairi laini, kwa sababu linakalika.

Tarishi aliposikia alicheka, kisha akaacha kucheka. Akaenda nyumbani akamwambia mkewe. Jioni ileile mkewe alikuja kwa kaka yake, hakukaa, hakunywa hata maji.

"Kaka," alisema, "mimi niliolewa na mume, sikuolewa na kamati. Akianguka, utamuuguza wewe, hapa kwako, na utamwogesha kwa mikono yako."

Mwenyekiti aliingiwa na baridi ambayo haikutoka kwenye kiyoyozi. Alimpenda sana mdogo wake, tangu akimbeba mgongoni, na hofu aliyokuwa nayo alijua ni ya nini. Lakini ripoti ilikuwa imekwisha pigwa chapa, na ukamishna ulikuwa umekaribia kiasi cha kunusa. Akamwambia asihangaike, tairi ni salama, hata yeye mwenyewe angelipanda. Mdogo wake akamtazama usoni. Akamwambia basi aliandike hilo. Na Mzee Utaratibu, mtu ambaye hakuwahi kukataa kuandika kitu, akaliongeza mwishoni mwa ripoti kama mapambo: Mwenyekiti binafsi yuko tayari kulipanda.

Waziri hakuwa na desturi ya kusoma ripoti hadi mwisho. Hii aliisoma, tuseme kwa bahati. Alifurahi mno. Barabara baridi, tairi la starehe, kiongozi wa mfano! Akaagiza Mwenyekiti aje kupokea ukamishna akiwa juu ya pikipiki hiyohiyo, imefungwa tairi laini, mchana, umma ukishuhudia. Na kwa kuwa gari la ofisi la Mwenyekiti sasa halikuwa na kazi, likapelekwa kwa mtu mwingine mchana uleule.

Siku ikafika. Mwenyekiti alivaa suti yake nyeusi, ile ya sherehe, akavishwa kofia ngumu iliyomkaba mashavu, akapandishwa nyuma. Tarishi alikuwa mchangamfu kupita kiasi.

"Shikilia hapa, shemeji. Siyo hapo, hapo ni kwa mke wangu."

Lazima niseme kwamba Tarishi aliendesha polepole kama aliyebeba mayai. Hata hivyo jua lilikuwa halina habari na ripoti. Joto lilipanda kutoka kwenye lami likamwingia Mwenyekiti kwenye suruali, likashuka kutoka angani likamwingia kwenye kola, na yote mawili yakakutana tumboni. Alijaribu kukumbuka ule mguso wa alfajiri. Kisha pikipiki ikaanza kucheza nyuma. Vipande vya mpira vikaanza kuruka. Tarishi akapunguza mwendo, akasogea pembeni, akaweka miguu chini, na hapo ndipo tairi lilipopasuka kwa mlio mmoja mfupi, wamekwisha simama tayari. Mwenyekiti alijikuta amemkumbatia shemeji yake kwa nguvu, na hakumwachia upesi.

"Ningekufa," alisema.

"Mimi ndiye hupita hapa kila siku, shemeji," alisema Tarishi, safari hii bila mzaha.

Tarishi alilifungua tairi akaliweka kando. Kivuli hakikuwepo. Lami ilikuwa haikanyagiki, mchanga wa pembeni ulikuwa kama kikaango, na Mwenyekiti alisimama kwa mguu mmoja, kisha kwa mwingine. Mwishowe alitazama huku na huku, akalikalia tairi. Na haki ya Mungu lilikuwa linakalika.

Akiwa hapo, gari refu jeusi likaja, likasimama. Ni Waziri, naye akielekea kwenye sherehe. Kioo kilishuka kidogo tu, na upepo wa baridi ukatoka ukamgusa Mwenyekiti kwenye paji la uso. Alitamani kulia. Siti ya nyuma ilikuwa tupu.

"Hongera sana," alisema Waziri. "Naona majaribio yanaendelea hadi barabarani. Na joto je, likoje?"

Mwenyekiti aliitazama siti. Upande mmoja palikuwa na ile siti, upande mwingine palikuwa na ripoti isiyo na tatizo. Jasho lilimtiririka puani likadondoka.

"La wastani, Mheshimiwa."

"Ndiyo maana nakupenda," alisema Waziri, na kioo kikapanda.

Walibaki wakilitazama gari hadi likawa nukta. Tarishi alisema siti ilikuwa tupu. Mwenyekiti akasema aliiona. Kisha mlio wa pikipiki nyingine ukasikika, na Profesa wa Mipira akatokea, lile tairi gumu amelivaa begani. Mke wa Tarishi ndiye aliyemwambia awafuate nyuma, kwa kuwa hakuwa mwanamke wa kungoja kikao. Profesa alitaka tu kujua kama kamati imeridhia. Mwenyekiti alifungua kikao, akauliza kama kuna pingamizi, akapitisha tairi gumu, akafunga kikao, yote kwa pumzi moja. Ndicho kikao chake pekee kilichofanyika penye joto, na ndicho pekee kilichotoa uamuzi wa maana. Alipotaka kuinuka, nusu ya tairi iliinuka naye. Walilibandua kwenye suti kwa bisibisi.

Alifika sherehe zikiwa zinamalizika, na duara jeusi la kung'aa nyuma ya suruali. Akapewa ukamishna kwa makofi. Waziri alitangaza kwamba kiongozi mwenye moyo wa namna ile hawezi kufichwa ndani ya jengo. Ofisi ya Kamishna itakuwa palepale barabarani alipomkuta, wazi, kwa kuwa joto lake ni la wastani, na kiyoyozi cha kamati kitahamishiwa kwa Waziri, ambako lipo tatizo la joto.

Basi hadi leo Kamishna husafiri kila mchana nyuma ya shemeji yake. Tairi gumu humuuma kiuno, lakini humfikisha, na Tarishi hurudi jioni mzima, akipiga honi tangu kona ya kwanza ili mkewe asikie. Mdogo wake alimhurumia kaka yake, akamnunulia mwavuli mkubwa.

Ombi la kuufungua liko mbele ya kamati.