Pedeli za Nailoni na Keria ya Nondo

Injinia ndiye aliyeuanzisha mjadala, kwa simu yake yenye kioo kilichopasuka. Alisoma kwamba huko Ulaya kuna baiskeli ya mashindano unayoweza kuiinua kwa vidole viwili, na nusu ya vifaa vyake ni plastiki. Mkungu, aliyekuwa ameegemeza ya kwake ukutani, akauliza kama hao Wazungu wanabebea ndizi.

Kijiwe chetu kiko nje ya duka la spea la Sunil, hapa Moshi mjini. Hilaria anauza kahawa, sisi tunakaa kwenye benchi kutoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Injinia jina lake ni Efraimu. Alifanya kazi miaka kumi na tisa kwenye kiwanda cha mabeseni, na anaijua plastiki kuliko anavyowajua wajukuu zake. Mkungu ni Basili. Kila siku ya soko anashusha ndizi kutoka Kibosho, kisha anaisukuma baiskeli kupanda kwao. Tangu mwaka jana kupanda kumemshinda. Anafika nyumbani goti limevimba, na mwanawe Martin ameshatangaza kwamba ikitokea mara moja tu tena, baiskeli inakwenda kwa watu wa chuma chakavu. Siku hiyo ilikuwa ya soko.

"Aisee, meku, mzee wangu, tuipunguze uzito," Injinia akasema.

Hakuwa amemaliza kusema, Sunil akatoka na boksi. Pedeli, madigadi, mikono ya breki, vyote plastiki, na kwa maneno yake, vyote nailoni halisi. Injinia akamwomba Hilaria aache kidogo kuosha vikombe. Akatumbukiza pedeli kwenye beseni, ikazama. Akatumbukiza mkono wa breki, ukaelea.

"Nailoni inazama," akasema. "Huu unaoelea ni ndugu yake ndoo. Sunil, unataka meku ateremke Kibosho ameshika ndoo?"

"Kwenye boksi wameandika nailoni."

"Boksi haliteremki Kibosho."

Kuondoa ubishi akakwangua kila kimoja na kuchoma makwangu kwenye jiko la kahawa. Ya breki yalinuka mshumaa. Ya pedeli yalinuka nywele zilizoungua, na mteja mmoja akapapasa kichwa chake kuhakikisha. Hilaria akataka kujua kahawa inayonuka saluni atamuuzia nani.

Hapo tukapewa darasa zima. Pedeli iwe ya nailoni, hasa ile yenye nyuzi za kioo ndani. Madigadi yawe hata ya ndoo, kwa sababu hakuna aliyekufa kwa kurushiwa tope. Mnyororo, waya na mikono ya breki vibaki chuma, anayebisha aende akabishane na korongo la njia ya Kibosho. Tukafungua, tukafunga, tukaipima baiskeli kwenye mzani wa ndizi. Ilikuwa imepungua gramu mia saba. Tukapongezana. Mkungu akaiinua, akaishusha.

"Bado nzito," akasema.

Hilaria akaweka birika chini. "Nyie wanaume, hiyo keria hamjaiona?"

Tukaiona. Ilikuwa ya nondo za kujengea nyumba, imechomelewa kama ya kubebea ng'ombe, kilo kumi na moja hazipungui. Injinia akaisogelea na spana. Mkungu akaweka kiganja juu yake.

"Hiyo hapana. Hapo alikuwa anakaa Salvina."

Salvina, mkewe, tulimzika mwaka jana. Sunil akafunika boksi lake taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa. Injinia, ambaye ukimya humwasha mwili, akauliza kwa upole: mama yule, na mwili wote ule, alikuwa anampandishaje mpaka Kibosho?

"Kushuka alikaa," Mkungu akajibu. "Kupanda hakukaa."

"Alikuwa wapi?"

"Nyuma. Anasukuma."

Akaitazama baiskeli kama ndiyo kwanza anaiona. Kisha akasema polepole, "Miaka thelathini na moja nilidhani ni miguu yangu."

Hakuna aliyethubutu kucheka, mpaka alipoanza mwenyewe. Alicheka akajifuta macho, akaendelea kujifuta hata kicheko kilipokwisha.

Saa tisa benchi likabaki tupu. Sunil alifunga duka, Hilaria akazima jiko, wote tukawasindikiza Mkungu na Injinia hadi mwanzo wa mlima. Mkungu alikuwa mbele ameshika usukani. Injinia alikuwa nyuma, ameinama, mikono yote miwili kwenye nondo.

"Keria hii ingekuwa ya plastiki," akasema akihema, "ningeshika wapi?"

Mkungu hakugeuka.

"Salvina alikuwa anasukuma bila kuongea."