Marehemu wa Idara ya Matofali

Jumatatu, 7 Oktoba 1974

Mgongo unauma. Miaka kumi na tisa nabeba matofali ya kujengea matanuru ya shaba, na bado hayajapungua uzito.

Leo lakini, habari! Kampuni inawafundisha wakuu wa idara kujitayarisha kwa maafa: moto, gesi, paa kuanguka. Wiki nzima. Niliingia ukumbini kwa sababu nilibeba viti vyao. Nilivipanga polepole sana, nikasikia yote. Mwalimu wa kozi, Citoyen Nkandu (siku hizi hakuna Bwana, wote ni Citoyen, raia), anasema kila idara itachagua mtu mmoja wa king'ora. Kazi yake: kukaa kibandani karibu na lango, na kuzungusha mpini hatari ikitokea. Kukaa! Mkuu wetu, Citoyen Mutale, atamtaja mtu wake Ijumaa.

Mtu huyo ni mimi. Ngosa, ninayebeba naye matofali, naye alikuwa anapanga viti. Polepole kuliko mimi. Nyoka.

Jumanne, 8 Oktoba

Mpango: nionekane mtu wa tahadhari. Saa nne nikaona moshi nyuma ya ukumbi. Nikakamata ndoo nyekundu ya mchanga, kama alivyofundisha mwalimu, nikamwaga yote kwa mkupuo mmoja. Moto ukazimika papo hapo. Ushindi!

Kwa bahati mbaya juu ya moto kulikuwa na sufuria ya mbuzi wa wakuu. Wamekula bukari yao, ugali na mbuzi huyo, wakitafuna kwa sauti. Citoyen Mutale aliniita akauliza kama kwetu Kongolo mbuzi anaungwa kwa mchanga. Ngosa alicheka mpaka akakaa chini. Lakini mwalimu alisema, nimesikia kwa masikio yangu, eti angalau yupo mmoja anayejua ndoo iko wapi.

Jumatano, 9 Oktoba

Kesho zoezi kubwa. Paa la banda letu "litaanguka" na wakuu wataokoa watu. Wametafuta watu wa kuumia. Kila mmoja anavaa kadi shingoni: kijani kwa aliyekwaruzwa, njano kwa aliyevunjika, nyekundu kwa anayebebwa kwanza. Ngosa aliirukia nyekundu. Ikabaki moja nyeusi, hakuna anayeitaka. Nikaichukua haraka. Gari la mkurugenzi ni jeusi, suti ya abakosti ya Citoyen Mutale ni nyeusi. Nilijua nyeusi ni ya mkubwa.

Nyeusi ni ya maiti. Ngosa akanipa pole kwa mkono, kama kwenye kilio.

Nimefikiri vizuri. Maiti habebi chochote. Analala. Tena saa za kazi! Nimeshinda. Mke wangu Virginie ameuliza kwa nini natabasamu. Nimemwambia ni siri ya kampuni.

Alhamisi, 10 Oktoba

Siku gani hii!

Asubuhi nililala kati ya matofali. Wakuu wakaja mbio na kofia zao nyeupe. Wanne wakamweka Ngosa kwenye machela, kila mmoja akitoa amri, hakuna anayetazama njia. Wakamwangusha. Mguu ukateguka kweli. Akalia, "Mama yangu, bananiua!" Mwalimu akamsifu, eti anaigiza vizuri. Mimi nikacheka. Citoyen Mutale akainama: "Weye iko mufu. Nyamaza!" Nikanyamaza mpaka usingizi ukanichukua. Kuamka, jua limegeuka, banda tupu. Maiti huondolewa mwisho, nao walikuwa wamekwenda kula.

Nikarudi nyumbani. Mlangoni kilio! Wanaume kwenye mabenchi, wanawake chini. Nikamuuliza mama mmoja nani amekufa. Bila kuinua kichwa akasema ni Kabange, maskini, paa limemwangukia. Nikavua kofia. Nikasikitika. Kisha nikakumbuka kwamba Kabange ni mimi.

Ilikuwa hivi. Kozi inasema orodha ya wafu ibandikwe haraka langoni, na fomu ipelekwe ofisi ya wafanyakazi. Citoyen Mutale, kwa kutaka alama, alifanya yote mbio. Neno "zoezi" hakuandika. Na mfu alikuwa mmoja tu, mimi. Ofisi ile ile iliyochukua miaka miwili kunipa buti ilimaliza kila kitu kwa saa tatu: jina limefutwa, unga wa kilio umeletwa, sanduku la kuzikia limeletwa, na Virginie amepewa karatasi ya kuhama nyumba ya kampuni.

Virginie aliponiona alipiga yowe, akanikumbatia, akanizaba kofi. Akauliza kama hii ndiyo ile siri ya kampuni. Yaya Alphonse, kaka kwetu sote na mkubwa wa chama chetu cha watu wa Kongolo, alikasirika zaidi. Hotuba alikuwa amekwisha kuiandika, kurasa tatu! Akasema itasomwa tu. Ikasomwa. Nilikaa mbele, nikalia kuliko wote. Sikujua nilikuwa mtu mwema hivyo.

Ijumaa, 11 Oktoba

Mlinzi wa lango alinizuia. Ofisini wakasema mimi ni mfu, nilete cheti cha kuwa hai kutoka komini, ofisi ya serikali mtaani; bila hicho nyumba anapewa mwingine Jumatatu. Na kibanda cha king'ora kwaheri. Hapo niliogopa kidogo.

Nikamtafuta Citoyen Mutale. Uso wake ulikuwa kama majivu. Mkurugenzi anakuja kufunga kozi. Akijua kuhusu orodha ile, kofia nyeupe imekwenda. Kwa mara ya kwanza aliniita baba Kabange. Akaniomba, baba Kabange, nibaki mfu kwanza, wiki moja tu.

Nikakataa. Nikaingia ukumbini mbele ya mkurugenzi na kusema kwa nguvu: "Marehemu Kabange, idara ya matofali, hapa!"

Nikaeleza yote kana kwamba Citoyen Mutale alipanga tangu mwanzo: orodha, fomu, unga, sanduku, mjane, saa tatu. Mwalimu Nkandu aliruka kutoka kitini. Akasema idara nyingine zote zilicheza. Moja tu ilijaribu kazi mpaka mlangoni kwa mjane, na sasa kasoro imeonekana wazi kabla maafa hayajafika. Mkurugenzi akapiga makofi. Wote wakapiga! Kabla ya chakula jina langu lilikuwa limerudi kitabuni, nyumba imerudi, na Citoyen Mutale, jasho likimtiririka, akanitaja mimi mtu wa king'ora.

Nje, Ngosa alikuwa amefungwa bandeji, anakunywa maziwa ya zahanati. Nikampa pole kwa mkono.

Jumamosi, 12 Oktoba, siku ya posho

Nimekabidhiwa kibanda. King'ora kipo. Mpini upo. Kiti hakuna! Eti viti vinatolewa kuanzia karani kwenda juu. Miaka kumi na tisa nimesimama, na leo nipandishwe cheo ili nisimame kivulini?

Nikaenda kurudisha sanduku kwa seremala wa kampuni, kwa heshima zote. Akakataa. Karatasi yake inasema limetolewa kwa Kabange, na Kabange ndiye huyu, basi taabu iko wapi?

Mbao za mulombwa, safi, zimepigwa randa. Nikapasua. Mpaka saa nane nilikuwa na kiti chenye mgongo na mahali pa kuwekea mikono, na vishikio viwili vya chuma vinavyong'aa. Mkurugenzi mwenyewe hana kama hicho. Citoyen Mutale alipita, akakitazama sana, akaenda zake.

Virginie aliniletea bukari hapa kibandani, pamoja na Yaya Alphonse kama shahidi. Akaniapisha nisife tena bila kumwambia. Nimeapa, mkono juu.

Walipoondoka, mwalimu akabandika tangazo langoni. Mwezi ujao wakuu watafundishwa mambo ya mafuriko, na watu wanatafutwa. Nimejiandikisha wa kwanza, upande wa waliozama.

Virginie sijamwambia. Ataiona meza ya mulombwa.